Je, Kuuza Hisa Zilizoshuka ni Kukosa Saburi?

Jumapili moja, baada ya ibada, mzee mmoja wa parishi yetu alinishika mkono akanivuta kando, chini ya mwembe. Wengi mngemtambua, kwa hiyo sitataja jina lake wala mtaa anakosali, naye ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti hilo. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, na ndani yake mlikuwa na hati ya hisa za kampuni moja, alizozinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake alipostaafu. Siku aliponunua alitoa shilingi milioni mbili. Siku ile tulipozungumza, kama angeziuza, angepata laki tisa na kidogo. Mjukuu wake wa kike alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa inadaiwa.

"Mhazini," akaniambia, maana bado huniita hivyo ingawa kazi ya kutunza fedha za kanisa niliiacha miaka mingi iliyopita, "watoto wananiambia niuze. Lakini kila nikitaka kuuza, moyo unanishtaki kwamba huko ni kukosa saburi. Tena nikiuza, huyo atakayenunua si nitakuwa nimemtwisha hasara yangu? Hebu nieleze. Kuuza ni dhambi?"

Nilimjibu upesi, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba hilo ni jambo la soko, akamwone dalali wa hisa, kanisa halihusiki. Akairudisha bahasha ndani ya koti, akanishukuru kwa adabu yake ya siku zote, akaenda zake. Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Mtu alikuwa ameniuliza habari za dhamiri yake, nami nikamtuma kwa dalali.

Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile, na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye bahasha ya namna hiyo, nimemwomba mhariri nafasi.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Hisa si amana uliyoweka benki, wala si deni ambalo kampuni imeahidi kukurudishia. Ni kipande cha umiliki. Kampuni ikistawi, mwenye hisa hupata gawio na kipande chake hupanda bei. Ikiyumba, gawio hupungua au hukoma, na kipande hushuka. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, ile ya oksijeni na gesi nyingine. Kabla ya hapo mtu wa Ujiji au wa Mwandiga hakuwa na njia rahisi ya kununua kipande cha kampuni kubwa. Siku hizi anaweza kununua na kuuza hata kwa simu ya mkononi.

Lakini sisi tulio wazee tuna jambo jingine moyoni. Tulikua chini ya Azimio la Arusha la 1967, ambalo lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, na sharti hilo halikulegezwa mpaka uamuzi wa Zanzibar wa 1991. Kwa hiyo wapo miongoni mwetu ambao, hisa zao zikishuka, husikia kama sauti ya zamani ikiwaambia, "Si tuliwakataza?" Hapo hasara inageuka kuwa aibu. Na aibu ikishaingia, mtu hatafuti tena jibu lililo sawa, anatafuta mahali pa kujificha. Nitalirudia jambo hili.

Juma lile nilishuka Kibirizi asubuhi kununua dagaa. Mama mmoja mchuuzi alikuwa na mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la dagaa wakavu waliopigwa jua vizuri, wanaong'aa, naye alikuwa akiwafunga katika magunia bila kuwauza. Bei ilikuwa imeanguka, maana ulikuwa wakati wa giza na mitumbwi ilikuwa ikirudi imejaa. Fungu la pili lilikuwa la dagaa walionyeshewa na mvua kabla ya kukauka, wekundu wekundu, nao alikuwa akiwauza kwa yeyote, kwa bei ya chakula cha kuku, tena akiwataja hivyo kwa sauti.

Nikamwuliza kwa nini wale wakavu hauzi. Akasema anangoja mbalamwezi. Kila mtu wa ziwani anajua maana yake: mwezi ukiangaza, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika, na bei hupanda. Nikamwuliza kwa nini basi asiwaweke na wale walionyeshewa wangoje mbalamwezi pamoja na wenzao. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto.

"Baba, hawa hawangoji. Hawa wanaoza."

"Lakini si ulitoa fedha ile ile kwa wote?"

"Dagaa hajui nilimnunua kwa shilingi ngapi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Nimesoma vitabu kadhaa vya watu waliosomea mambo ya fedha, nao hutumia kurasa nyingi kufikia neno hilo la yule mama. Kitu kinaweza kushuka bei kwa sababu mbili zilizo mbali kabisa. Moja ni kwamba soko limejaa au watu wameogopa, hali kitu chenyewe ni kizima. Nyingine ni kwamba kitu chenyewe kimeingiwa na maji. Na bei uliyonunulia haikuambii hata kidogo ni ipi kati ya hizo mbili. Bei hiyo ni habari ya zamani, haimo tena ndani ya dagaa wala ndani ya hisa, bali imebaki ndani ya moyo wa mnunuzi tu, ikimwuma. Swali lililo sawa ni hili: kama leo ningekuwa na hizi laki tisa mkononi, taslimu, je, ningekwenda kununua hisa hizi hizi? Mtu akijibu ndiyo kwa dhati, anayo sababu ya kuzishika. Akijibu hapana, halafu bado anazishika, basi anachokishika si hisa. Anashika siku ile aliponunua.

Sasa, mtu atasema kwamba hayo ni rahisi kwa dagaa, maana dagaa akioza hunuka. Hati ya hisa hainuki. Ni kweli, na hapa sitaki kujifanya mjuzi. Hebu tutazame mambo yaliyotokea.

Mwaka 2009 hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 kila moja. Zilipanda mpaka mwaka 2014 zikapita 400, na mwaka 2015 benki ikawauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Kisha zikaanza kushuka. Faida ya mwaka 2017 ilikuwa kama nusu ya ile ya mwaka uliotangulia, na gawio la mwaka huo likawa shilingi 5 tu kwa hisa. Kufika mwaka 2019 hisa iliyonunuliwa kwa 350 ilikuwa ikiuzwa kwa bei iliyozunguka shilingi 100. Mtu aliyeuza wakati ule kwa hofu, au kwa shida, aliona kwa macho yake yaliyofuata: gawio la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50, na mwaka 2024 hisa ilipita shilingi 600. Wale walioshika wakasema, "Mnaona? Saburi huvuta heri."

Vuka sasa uende Kenya. Kampuni ya sukari ya Mumias iliuzia umma hisa mwaka 2001 kwa shilingi 6.25 za Kenya, na kwa miaka kadhaa ilikuwa fahari ya watu wa magharibi ya nchi ile. Halafu ikaanza kupata hasara mwaka baada ya mwaka. Wakulima wa miwa wakakaa bila kulipwa, kiwanda kikakosa miwa, Serikali ikatoa fedha za kuokoa, hazikutosha. Wenye hisa wengi walishika, wakiambiana maneno yale yale ya saburi. Mwaka 2019 hisa ilikuwa imefikia senti tu, mwezi Septemba kampuni ikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyoidai, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Hapo hata aliyetaka kuuza hakuweza.

Tena iko ile ya Safaricom, ambayo inawachanganya watu zaidi. Mwaka 2008 Wakenya zaidi ya laki nane waliomba kununua kwa shilingi 5. Haukupita mwaka, hisa ikawa chini ya 3, na wengi waliokuwa wamekopa ili wanunue wakauza kwa majuto. Mwaka 2021 ilipita 40. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15. Sasa niambie, katika hao nani alikuwa na saburi na nani alikuwa na tamaa? Aliyekataa kuuza ilipokuwa 3 tunamsifu. Yule yule akikataa kuuza ilipokuwa 40, na ikashuka tena, tunamwita mlafi. Na huenda moyo wake ulikuwa ule ule siku zote mbili.

Kwa hiyo nakataa kabisa mwenendo wa watu wanaopima wema wa uamuzi kwa mwisho wake. Mtu anaweza kuamua vyema akapata hasara, na mwingine akaamua kijinga akatajirika, kisha akaja kanisani kutoa ushuhuda. (Ningewaomba makasisi wetu wawe waangalifu na ushuhuda wa namna hiyo.) Mungu atatuuliza tulivyoshika kile tulichokijua siku ile, wala hatatuuliza kwa nini hatukujua yale ambayo hakutuonyesha.

Nirudi sasa kwenye saburi, maana ndilo neno lililomfunga mzee wetu. Saburi ambayo Maandiko yanatusifia ni ya kumngojea Mungu, na ya kuchukuliana na wanadamu. Sijaona mahali tulipoamriwa kuwa na saburi kwa karatasi. Tunapolibeba neno hili takatifu na kulivika jambo la bei, tunajipa ruhusa ya kutofikiri, tena tunajisikia watakatifu kwa kutofikiri kwetu.

Wapo watakaonikumbusha Yeremia, aliyenunua shamba la Anathothi wakati jeshi la Babeli limeuzunguka mji (Yeremia 32). Bila shaka bei ya ardhi siku zile ilikuwa chini kuliko wakati wowote. Lakini Yeremia hakununua kwa sababu alidhani bei itapanda. Aliagizwa, na ununuzi ule ulikuwa mahubiri kwa taifa. Mimi sijaagizwa neno lolote na Bwana juu ya hisa za kampuni yoyote, na mtu akikuambia kwamba yeye ameagizwa, shika mfuko wako.

Andiko linalotufaa, kwa fikira zangu, ni lile la mtini usiozaa (Luka 13:6-9). Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda, hapati, anataka ukatwe usiharibu nchi bure. Mtunzaji anaomba uachwe. Wengi husoma hadithi hii na kuona huruma tu, na huruma imo. Lakini tazameni namna anavyoomba. Hasemi, "Uache tu, labda utazaa." Anasema atafanya kazi: atauchimbia, atautia samadi. Tena anaweka muda, mwaka mmoja. Tena anakubali mapema kwamba muda ukipita bila matunda, ukatwe. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotenganisha saburi na uvivu. Anayeshika hisa zilizoshuka bila kazi, bila muda na bila kukubali kwamba huenda amekosea, huyo hana saburi ya mtunzaji. Amekaa tu kivulini mwa mti mkavu.

Katika mwambao huu mtu akitaka kutetea kushika kitu kilichozama, hutaja Liemba. Nimeisikia hoja hii zaidi ya mara moja: "Mbona Liemba ilizama ikaibuka?" Ni kweli. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa hapa Kigoma, na mwezi Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi isiangukie mikononi mwa adui. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina tunalolijua. Lakini wanaotaja Liemba husahau kwamba kabla ya kuizamisha mafundi walipaka mitambo yake grisi nzito, ili maji yasiile. Husahau pia watu waliotoka jasho kuivuta juu. Na husahau vyombo vingine vingi vilivyoko chini ya ziwa hili ambavyo hakuna aliyevipaka kitu, wala hakuna anayevihesabu. Anayesema atashika na aseme pia grisi yake ni ipi.

Mwenye hisa mdogo atachimbia nini, atatia samadi gani? Kidogo, nakubali, lakini si bure. Kampuni zilizoorodheshwa hutakiwa kutangaza hesabu zao, na benki huchapisha za kila robo mwaka magazetini. Hesabu hizo zinasomeka. Mtu aliyewahi kutunza daftari la sadaka anaweza kuona kama faida inapungua mwaka wa tatu mfululizo, kama madeni yanakua kuliko mali, kama gawio linalipwa kutoka katika faida au limekoma kabisa. Kuna mkutano mkuu wa mwaka, ambako mwenye hisa kumi ana haki ya kuuliza kama mwenye hisa milioni. Safari ya kutoka Kigoma kwenda Arusha au Dar es Salaam kwa ajili ya swali moja ni gharama isiyo na maana, hilo najua, lakini barua haikatazwi, na siku hizi kampuni kadhaa huwaruhusu wanahisa wahudhurie kwa mtandao. Yeye ni mmiliki. Mmiliki ambaye hajawahi kuuliza lolote kwa miaka kumi, kisha analalamika kwamba shamba limeota magugu, analo la kujibu.

Kuna vitu ambavyo mtu hana budi kuvishika hata vikishuka thamani. Nabothi alikataa kumwuzia mfalme shamba lake la mizabibu, ingawa aliahidiwa bora kuliko lile, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake (1 Wafalme 21). Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 na bandari ikakua huku, Ujiji, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara, ulipoteza biashara yake kubwa. Watu waliobaki Ujiji na nyumba zao, na misikiti yao, na makaburi ya wazazi wao, sitawaita wajinga kwa kutohama na bei. Mji una watu ndani yake. Lakini hisa uliyonunua kwa dalali si shamba la Nabothi. Kampuni haikujui jina, na hukosi uaminifu kwa mtu yeyote ukiiacha. Nimeona watu wakizipenda hisa zao kama jamaa, wakaona aibu kuziacha kana kwamba wanamwacha mgonjwa, na wakati huo huo mgonjwa wa kweli yumo ndani ya nyumba na hakuna fedha ya dawa.

Nafika sasa kwenye swali la pili la mzee, ambalo nalihesabu kuwa bora kuliko la kwanza, maana wengi wetu hatuliulizi kamwe. Je, ninayemwuzia namtwisha hasara yangu?

Swali hili ni la kale. Cicero, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 43 kabla ya Kristo, alieleza habari ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Iskanderia mpaka Rodo, kisiwa ambacho Paulo naye alikipita (Matendo 21:1). Rodo palikuwa na njaa, na nafaka ilikuwa ghali mno. Mfanyabiashara alijua kwamba merikebu nyingine nyingi zilizojaa nafaka ziko njiani. Je, awaambie watu, bei ianguke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, walitofautiana. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, alisema kunyamaza si kudanganya. Mwanafunzi, Antipater, alisema kuwaficha watu jambo linalowahusu ni kuvunja undugu wa wanadamu. Cicero aliona kwamba asingepaswa kuficha. Miaka mia kumi na tatu baadaye Thomas Aquinas alisema kwamba haki yenyewe haimlazimu kusema, ila akisema atakuwa ametenda kwa wema ulio mkubwa zaidi.

Mimi namfuata Antipater, lakini tuangalie kinachomtia hatiani yule mtu wa Rodo: alijua jambo ambalo wanunuzi hawakulijua. Mzee wetu hajui kitu. Anachokijua kuhusu kampuni ile ndicho alichosoma magazetini, na anayenunua amesoma magazeti hayo hayo, au angeweza kuyasoma. Huenda mnunuzi anaona dagaa wakavu pale ambapo mzee anaona walionyeshewa, na huenda ndiye aliye sawa. Hapo hakuna mtu aliyefichwa. Angekuwa mzee ni mhasibu ndani ya kampuni, akajua shimo lililomo katika vitabu kabla halijatangazwa, akauza, hiyo ingekuwa ni dhambi bila shaka, na tangu 1994 sheria yetu ya masoko ya mitaji na dhamana inakataza. Na angemwendea jirani yake hapa hapa, mtu asiyesoma hesabu, akamsifia hisa zile ili amwuzie kwa faragha kwa bei nzuri, hiyo nayo ni dhambi, hata kama sheria haimgusi. Yule mama wa Kibirizi aliuza dagaa walionyeshewa, lakini aliwaita kwa jina lao.

Nimesema nitalirudia jambo la aibu. Baada ya kufikiri haya yote nilikwenda nyumbani kwa mzee, siku ya Jumamosi, nikamwomba radhi kwa jibu langu la chini ya mwembe, nikamweleza kama nilivyoandika hapa, kwa kifupi kidogo. Alisikiliza. Kisha akainamisha kichwa akasema kwa sauti ya chini kwamba ada na bei si jambo kubwa linalomsumbua. Jambo kubwa ni kwamba mkewe hajui. Zile milioni mbili zilikuwa zao wote wawili. Walikuwa wamekubaliana kuezeka upya nyumba, yeye akanunua hisa, akakusudia kumshangaza mama kwa faida. Faida haikuja. Kila mwaka aliopitisha bila kuuza ulikuwa mwaka mmoja zaidi wa kutosema. Maana akiuza, hasara inakuwa hasara kweli, na lazima aieleze. Akishika, anaweza kujiambia kwamba bado.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimevaa nguo ya saburi.

Sikuwa na ushauri mwingine. Akamwita mkewe, nami nikasimama nitoke nje, wakanikataza wote wawili. Mzee akaitoa bahasha kutoka chini ya godoro. Mama akaitazama, akasema, "Hiyo? Mimi huiona kila ninapoanika godoro. Nilikuwa nangoja uniambie."

Kisha mama akakaa kimya kwa muda mrefu, na ule ukimya haukuwa mwepesi. Paa lile lile lilivuja masika tatu. Sitaandika yote aliyoyasema alipoanza kusema, ila alikuwa na haki ya kuyasema, na mzee hakujitetea.

Jioni ile tulisoma pamoja hesabu za kampuni za miaka mitatu, kwenye simu ya mjukuu, tukiandika tarakimu nyuma ya bahasha. Faida ilikuwa ndogo lakini ilikuwapo, deni halikuwa limekua sana, gawio lilikuwa halijatoka mwaka mmoja. Mimi nilisema kwamba sioni vizuri kama ni mvua au ni giza tu la mwezi. Mama akasema kama hatuoni basi tusijifanye tunaona. Wakaamua kuuza hisa za kutosha ada ya mwaka wa kwanza, na zilizobaki zikae mpaka hesabu za mwaka huu zitangazwe. Zikitoka mbaya kuliko zile tulizosoma, wauze zote kwa bei yoyote itakayokuwapo. Mama akachukua kalamu akaandika "Aprili" kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

"Na tukifika Aprili," akamwuliza mumewe, "utaanza tena kunihubiria saburi?"

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Ada imelipwa. Aprili bado haijafika.